Vijiti Vinane vya Injini

Jumatatu, 2 Juni 2025

Daftari hili ni la maandalio ya masomo. Lilibaki nilipostaafu Desemba, nami siwezi kutupa karatasi safi, basi naandika humu mambo ya nyumbani. Kila ukurasa una safu ya mwisho iliyoandikwa "Tathmini". Nitaijaza nikiwa na la kutathmini.

Brayan, mwanangu, amekuja leo kutoka Mkwajuni, anakosimamia mashine za kusaga mawe ya dhahabu. Amepata mtu wa Mlowo anayenunua magari mabovu kwa ajili ya chuma chakavu. Jumamosi ya tarehe 12 Julai mtu huyo atapita hapa Isansa na lori lake, alibebe gari letu. Brayan alimuuliza baba yake kwa adabu, amechuchumaa mbele ya kiti chake. Baba Brayan hata shingo hakugeuza. Alisema, "Lichukueni."

Nilikuwa na sufuria mkononi, nikaiweka chini. Nathanaeli, mume wangu, analo hilo gari tangu mwaka 1999 na hakuna fundi mwingine aliyewahi kuligusa. Kila Jumamosi yuko chini yake, inaonekana miguu tu. Nilikuwa namtania kwamba nikifa anizike humo ndani ili awe ananitembelea. Mimi mwenyewe nimeshagombezwa mara ngapi kwa kubamiza mlango! Leo yeye huyohuyo anasema lichukueni kana kwamba anatoa ganda la ndizi.

Tangu kiharusi kimpate Machi, mguu umerudi, anatembea na fimbo. Mkono wa kulia ndio umelala. Daktari alisema utarudi akiutumia, wakampa na mpira wa kuminya. Mpira uko dirishani, una vumbi. Yeye anakaa barazani kutwa nzima anatazama ukuta wa jiko. Sikuogopa hivi hata siku ile alipoanguka. Siku ile alikuwa anapigana na kitu. Sasa hapigani na chochote.

Sikulia mbele ya Brayan. Nimelia sasa, kidogo, na nimemaliza.

Jumanne, 3 Juni

Nimemuuliza Baba Brayan gari linaumwa nini. "Hedi gasketi," akasema. Nikauliza hiyo ndiyo nini. Akafumba macho.

Alhamisi, 5 Juni

Mimi na jirani yangu Rozi tumechuma kahawa madebe saba. Bodaboda ameipeleka mtamboni kwa safari mbili, gunia moja likapasuka njiani. Baridi ya kukata masikio.

Jumamosi, 7 Juni

Miaka thelathini na minne nimefundisha hesabu. Mtoto akikaa kimya hataki kujibu, dawa yake naijua. Unaandika jibu la uongo ubaoni kwa sauti ya kujiamini, unasubiri.

Asubuhi nimejifunga kitenge, nimewafukuza kuku juu ya gari, nimefungua boneti. Nikachukua spana kubwa kuliko zote na kuanza kuipigapiga kwenye boluti ya kwanza niliyoiona. Ka, ka, ka. Barazani kimya. Nikaongeza. Nikajisemea kwa nguvu, "Hii lazima ndiyo gasketi."

Nikasikia fimbo. Ilikuja polepole, ikasimama nyuma yangu.

"Hiyo ni alternata," akasema. "Imekukosea nini?"

Sikugeuka, maana ningecheka na kuharibu kila kitu. Nikamwomba radhi kwa niaba ya spana. Akaniambia niiweke chini kabla sijaua mtu, nichukue namba kumi na mbili. Tumefungua mipira miwili ya rejeta tu leo, na maji yakanilowanisha mpaka magotini. Amekula ugali wote.

Jumatatu, 9 Juni

Leo nimepewa darasa. Injini ina sehemu ya chini na hedi ya juu, na katikati kuna gasketi, bamba jembamba lenye matundu. Kazi yake ni kuhakikisha maji, oili na moto kila kimoja kinapita njia yake. Ikiungua vinachanganyika. Akanionyesha kijiti cha kupimia oili. Oili ilikuwa kama chai ya maziwa.

Tumekubaliana yeye aseme na mimi nifanye. Nimempigia Brayan, nikamwambia gari haliuzwi mpaka ifike tarehe 12, na likiwaka haliuzwi kabisa. Akasema nitaumia bure, na kwamba mtu wa Mlowo ameshampa neno. Nimekata simu. Mtoto niliyemzaa mwenyewe, na haraka yote hiyo juu ya chuma cha baba yake!

Jumamosi, 14 Juni

Mgongo hauko nami leo, uko wapi sijui.

Boluti za hedi ni kumi. Hazilegezwi ovyo, unaanza za pembeni unakuja katikati, kidogo kidogo, kwa zamu, ili hedi isipinde. Moja ilikataa mpaka nikaikalia spana kwa makalio. Baba Brayan aliangalia pembeni kwa heshima.

Chini ya kifuniko cha juu kuna vijiti vinane vya chuma, kila kimoja kirefu kama penseli mpya na nusu. Yeye anaviita pushi rodi. Kila kijiti kimesugulika miaka yote na tapeti yake, kile chuma kinachokikalia kichwani, kwa hiyo lazima kirudi palepale kilipotoka. Alinifanya nitoboe matundu manane kwenye boksi la sabuni na kuvichomeka kwa mpangilio. Nilitaka kuandika namba. Akasema mpangilio unatosha, yeye hajawahi kuandika namba.

Hedi tumeinua mimi na Rozi, wanawake wawili wenye wajukuu. Rozi akasema amebeba majeneza mepesi kuliko hiyo. Baba Brayan akacheka. Kicheko chake kilitoka upande mmoja wa mdomo, lakini kilikuwa chake.

Jumatano, 18 Juni

Nimefika Tunduma na hedi nimeiviringisha kwenye kitenge. Kondakta aliuliza kama mama amebeba mbuzi. Nikamwambia ndiyo, na amekula chuma.

Abdulswamad, muuza vipuri niliyeelekezwa, ni mtu wa Pangani mwenye miaka ishirini mpakani. Nilikuwa nimejiandaa kuibiwa, ndivyo tunavyosema sisi wa juu huku kuhusu Tunduma. Alikuwa anasalimiana na Wazambia, mulishani, mulishani, akaacha wote alipoona mama mzima anatua hedi mlangoni. Akaweka rula ya chuma juu yake, akaielekeza kwenye mwanga. Imepinda. Akamwita jirani yake mwenye mashine ya kuchonga vyuma, na saa nane ilikuwa imesawazishwa.

Gasketi mpya nilipewa baada ya kuilinganisha na ya zamani, tundu kwa tundu. Hapo ndipo akanionyesha palipoungua, katikati ya silinda ya pili na ya tatu. Akasema, "Mwalimu, hii haikuungua kwa uzee. Mtu ameendesha gari linachemka, mwendo mrefu, na hakusimama."

Njia nzima ya kurudi nimeyatafuna maneno hayo. Aliyeendesha mara ya mwisho ni Brayan, siku ya kumpeleka baba yake hospitali. Gari lilizimika getini kule na likarudi nyumbani likivutwa na trekta. Kumbe ni yeye aliyeliua. Na sasa anataka libebwe ili ushahidi upotee.

Sijamwambia Baba Brayan. Nimeweka gasketi iliyoungua juu ya kabati, nimelala na hasira yangu.

Jumapili, 22 Juni

Kanisani. Kahawa inaiva kwa fujo. Mungu anisamehe, mahubiri yote nilikuwa nawaza boluti.

Alhamisi, 26 Juni

Natamani kuuchana ukurasa huu kabla sijauandika.

Wazee wa kanisa walituma taarifa kwamba leo watakuja kumwombea mgonjwa. Baraza letu limekuwa gereji kwa wiki mbili, spana kila mahali, grisi mpaka kwenye kitambaa cha redio. Wageni wa kanisa hawapokelewi hivyo. Nikafagia, nikatandika, nikapiga deki. Nikaona boksi la sabuni limelowa oili, linanuka. Nikavichomoa vile vijiti, nikaviosha kwa maji ya moto na sabuni ya unga, nikavisugua mpaka vikang'aa, nikavilaza mstari mmoja juu ya kitambaa cheupe. Boksi nikawashia moto wa chai.

Nilikuwa najisifu. Nikamwita aone.

Akavitazama. Akauliza boksi liko wapi. Nikamwonyesha jiko.

Baba Brayan alisimama. Akafoka kwa Kinyiha, kwa sauti ambayo sijaisikia tangu mbuzi wa Rozi waingie kwenye miche. Akasema ameishi miaka yote hii na mwanamke ambaye angeweza kuosha hata sukari. Akasema na mengine. Mzee Raphaeli, kiongozi wa wazee, alikuwa getini tayari amevua kofia. Alisubiri yaishe, akaingia, akaomba sala fupi kuliko zote alizowahi kuomba.

Niliona aibu mpaka chai ikanishinda kumimina. Vijiti vinane vinavyofanana kama mapacha, na siku kumi na sita tu zimebaki. Nimemharibia kitu pekee kilichomwinua kwenye kiti.

Rozi ndiye aliyeniambia jioni, tukiwa tunakusanya kahawa iliyoanikwa. Aliniuliza kama nimeona alivyosimama. Nikasema nilisikia, masikio yalinitosha. Akasema, "Fimbo ilikuwa ukutani, Elina. Hakuigusa."

Ijumaa, 27 Juni

Asubuhi Baba Brayan ameniuliza kwa upole wa kutisha kama na tapeti nimeziosha pia. Tapeti ziko nane, zimepangwa kwenye mhimili mmoja mzito uliojaa oili. Nikakiri kwamba ilikuwa chafu mno, sikuwa na muda, nikaisukuma chini ya kitanda wageni wasiione. Akafumba macho akasema asante Mungu kwa uvivu wa mke wangu.

Maana bado kuna njia. Kila kijiti kina kikombe kidogo kichwani, na kila tapeti ina goroli inayokaa ndani ya kikombe hicho. Vimesugulika pamoja miaka yote. Kijiti kikikutana na tapeti yake, kinakaa kimya. Ikiwa si yake, kinakwaruza.

Kazi hiyo siwezi kumfanyia. Nimejaribu, mimi vyote naviona sawa. Na inataka mikono miwili, mmoja ushike kijiti na mwingine uzungushe.

Akakishika kwa kulia. Kikaanguka. Nikainama nikiokote, akaniambia niache. Akainama mwenyewe. Leo kimeanguka mara kumi na moja, nimehesabu nikiwa jikoni na mgongo nimemgeuzia. Vijiti viwili vimepata kwao.

Jumamosi, 28 Juni

Vimefika vitano. Vimeanguka mara nne. Safari hii nimeandika namba kwenye plasta na kubandika kwa kila kijiti, na hakuna aliyenipinga.

Jumapili, 29 Juni

Baada ya ibada zilibaki pushi rodi tatu. Ya sita ikapatikana upesi. Mbili za mwisho alizizungusha saa nzima. Halafu akafumba macho, akapitisha kidole gumba juu ya kikombe, akasema hii ina mkwaruzo, ni ya tapeti ya tatu.

Nikamuuliza ameuhisi kwa kidole cha mkono upi.

Akautazama mkono wake wa kulia kama mgeni aliyeingia bila kubisha hodi. Mimi nikaenda nyuma ya nyumba, nikasimama kwenye migomba mpaka uso ukakaa sawa.

Alhamisi, 3 Julai

Tunduma tena. Miaka yote Baba Brayan alikuwa anakaza boluti za hedi kwa kipimo cha mkono wake, na mkono huo haupo bado. Wangu haujui kitu. Inatakiwa spana inayopima nguvu, toki renchi. Abdulswamad hauzi, lakini anayo. Akaniazima mpaka Jumatatu ya tarehe 14, nikamwachia kitambulisho changu cha taifa. Akaweka kwenye droo pamoja na cha mtu mwingine aliyeazima jeki mwaka jana. Nimesema watu wa Tunduma ni wezi kwa miaka mingi mno.

Jumamosi, 5 Julai

Brayan amekuja kwa mapumziko ya Sabasaba. Nilimpa uji, nikafunga mlango wa jiko, nikamwekea gasketi iliyoungua mezani kama mtihani aliofeli. Nikamwambia ninajua. Aliendesha gari linachemka na hakusimama, na sasa analiuza ili baba yake asijue.

Hakubisha. Alikaa akiishika ile gasketi.

"Mshale uliingia kwenye nyekundu tulipopita shule tu, Mama," akasema. "Niliuona. Lakini baba alikuwa nyuma anakoroma vibaya. Ningesimama kulipoza, ningempeleka maiti."

Akasema tangu siku hiyo kila akiliona gari anasikia ule mlio, na anamwona baba anavyolitazama. Hakuweza kumwambia. Aliona bora litoke machoni pa wote wawili.

Nilikaa. Mwezi mzima nimemsema vibaya mwanangu katika daftari hili, kwa mwandiko mzuri kabisa. Nilimshika kichwa kama alipokuwa darasa la pili na homa. Tukasikia fimbo mlangoni. Jiko letu lina mbao tu, kila kitu kinapita.

Baba Brayan akaingia, akaichukua gasketi mezani, akaigeuza. Kwa mkono wa kulia. Akasema, "Hii inauzwa Tunduma. Mimi nauzwa duka gani?"

Brayan alilia kwa sauti. Baba yake akamwambia anyamaze, atafute nguo za kazi, Jumatatu kuna hedi ya kuinua.

Jumatatu, 7 Julai

Sabasaba. Hedi imerudi juu ya gasketi mpya. Brayan ameinua peke yake, Rozi na mimi tukatoa ushauri.

Jumanne, 8 Julai

Brayan ameondoka alfajiri, zamu yake inamngoja. Nimeandika namba moja hadi kumi kwa chaki, kuanzia boluti za katikati kwenda pembeni. Mizunguko mitatu, kila mmoja kwa nguvu zaidi. Baba Brayan anataja namba, nakaza mpaka spana iseme "tiki". Kwenye namba saba ya mzunguko wa mwisho spana ikanigomea. Akaweka wa kwake juu ya wangu. Haukuwa na nguvu nyingi. Ikasema tiki.

Alhamisi, 10 Julai

Tumepima nafasi za tapeti, unapitisha kibati chembamba kama wembe. Kibati alishika yeye. Kimeanguka mara moja.

Ijumaa, 11 Julai

Oili mpya, maji safi. Betri ilikuwa ndani inawasha taa ya sola tangu Aprili, tumeirudisha kwenye gari. Leo tunatumia mshumaa.

Nikamwambia tujaribu kuliwasha leo leo. Akakataa, kumeshakuwa giza, anataka kuona kama linavuja. Naogopa. Nimeikaza kila boluti ya gari hilo kwa mikono iliyokuwa inashika chaki. Likikataa kesho, atarudi kwenye kile kiti, na sina hila nyingine ubaoni.

Jumamosi, 12 Julai 2025

Lori la Mlowo limefika saa tatu kasoro, wakati umande haujakauka. Brayan alikuwa amelala njiani ili awahi. Yule mnunuzi akaanza kushusha mnyororo. Baba Brayan akamsalimia vizuri, akamwomba anywe chai kwanza.

Akaingia upande wa usukani. Ilimchukua muda kuupitisha mguu. Nikasimama mlangoni. Tundu la ufunguo liko kulia mwa usukani, na sote watatu tulilijua hilo bila kulisema. Nikamwambia kwa sauti ndogo atumie mkono wa kushoto, au aniachie mimi.

"Acha, Mwalimu," akasema.

Akauinua wa kulia, akaushikisha ufunguo. Vidole vikateleza. Akavirudisha. Vikateleza tena. Mnunuzi alikuwa ameacha kunywa. Niliificha mikono yangu nyuma, nikaibana, maana ilikuwa inataka kwenda yenyewe. Akavipanga tena kimoja kimoja, gumba huku, cha shahada huku, kama alivyokuwa akivishika vile vijiti. Akazungusha.

Ikaguna, ikakohoa, ikanyamaza. Akazungusha tena, akashikilia. Moshi mweupe ukatoka nyuma, kuku wakaruka, na injini ikanguruma. Mwanzoni ilikuwa inayumba, halafu ikatulia kabisa. Baba Brayan hakututazama. Aliinamisha kichwa, anasikiliza vijiti vyake, kimoja baada ya kingine, mpaka vyote vinane. Halafu akasema hakuna kinachokwaruza.

Brayan alikuwa amepiga magoti mbele ya gari. Alisema anaangalia kama maji yanavuja. Alikaa huko muda mrefu.

Mnunuzi hakuondoka mikono mitupu. Tumempa ile mashine ya zamani ya kukoboa kahawa iliyoozea nyuma ya choo, akasema ina chuma kizuri kuliko cha gari. Jumatatu Brayan anatuendesha Tunduma kurudisha spana na kuchukua kitambulisho changu. Daktari hamruhusu Baba Brayan kushika usukani mwaka huu, kwa hiyo ameamua kwamba dereva wa kahawa nitakuwa mimi. Tunaanza Jumanne na klachi, na ameniambia nivae viatu vya chini na nisibamize mlango.

Mpira wa kuminya nimeufuta vumbi, nimempa mjukuu wa Rozi.

Tathmini: Somo limeeleweka. Amewasha mwenyewe, kwa mkono wa kulia.